Paul Robeson: mfalme wa filamu aliyejifunza Kiswahili, asifike Kongo

LUBUMBASHI – Mtoto wa Katuba haendi darasani kujifunza Kiswahili. Anakikuta nyumbani, sokoni, kwenye foleni ya maji na kwenye kiwanja cha mpira. Lakini mwaka 1934, katika mji wa London, Mmarekani mmoja mweusi, ambaye tayari alijulikana Ulaya na Marekani kwa sauti yake nzito na kwa uigizaji wake, alijiandikisha shuleni kama mwanafunzi mwingine yeyote ili ajifunze lugha hiyo. Jina lake Paul Robeson.

Tarehe 23 Januari 2026 ilitimia miaka 50 tangu afariki. Vijana wengi wa Lubumbashi hawamjui, na hata wazee wanaomkumbuka wanakumbuka zaidi nyimbo zake. Maisha yake yanatuhusu kwa sababu nyingine. Robeson alitumia miaka mingi akiwaigiza Waafrika na wafalme weusi katika hadithi zilizoandikwa na watu wengine, kisha akapoteza karibu kila kitu alipoanza kuisemea Afrika kwa kinywa chake mwenyewe.

Mtoto wa mtumwa aliyetoroka

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 huko Princeton, katika jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina. Alitoroka akiwa kijana, akasoma, akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake alikufa kwa ajali ya moto nyumbani mwaka 1904, Paul akiwa bado mtoto mdogo. Alilelewa na baba aliyemfundisha kusema kwa ufasaha na kutokubali kuwa wa pili darasani.

Mwaka 1915 alishinda nafasi ya kusoma bure katika chuo cha Rutgers, ambako wanafunzi weusi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Huko alikuwa mchezaji bora wa mpira wa Kimarekani, akachaguliwa mara mbili katika timu ya heshima ya nchi nzima. Siku ya kumaliza masomo, mwaka 1919, yeye ndiye aliyepewa nafasi ya kuhutubia kwa niaba ya wanafunzi wenzake. Kisha akaingia Columbia, New York, kusomea sheria. Mwaka 1921 alimuoa Eslanda Goode, mwanamke msomi ambaye baadaye angekuwa msimamizi wa kazi zake na mtafiti wa mambo ya Afrika.

Uavoka haukudumu. Katika ofisi aliyoanzia kazi, katibu mmoja mzungu alikataa kuandika maneno aliyosomewa na mtu mweusi. Robeson akachukua kofia yake akaondoka. Sauti ambayo ingesikika mahakamani ikaenda jukwaani.

Mfalme Jones na risasi ya fedha

Tamthilia iliyomjengea jina iliitwa The Emperor Jones. Iliandikwa na Eugene O'Neill, mwandishi mkubwa wa Marekani, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1920. Ni tanzia, yaani mchezo ambao mhusika wake mkuu anaelekea kwenye maangamizi yake mwenyewe, na watazamaji wanaona tangu mapema kwamba hataponea.

Hadithi yake inaeleweka vizuri kwetu. Brutus Jones ni Mmarekani mweusi aliyekuwa mhudumu wa treni za kifahari. Anaua mtu katika ugomvi wa kamari, anafungwa, anatoroka na kufika katika kisiwa kimoja cha Karibi. Ndani ya miaka miwili tu anajifanya mfalme. Anawatoza watu kodi mpaka wanabaki bila kitu, na fedha anazificha nje ya nchi. Aliponusurika jaribio la kumuua, aliwaambia raia kwamba yeye anauawa na risasi ya fedha peke yake, na watu wakaamini.

Siku moja anaamka na kukuta jumba la kifalme liko tupu. Watumishi wamekimbilia milimani. Kwa mbali ngoma inaanza kulia. O'Neill aliagiza ianze kwa kasi ya moyo wa mtu aliyetulia, mapigo 72 kwa dakika, kisha iongezeke polepole bila kusimama mpaka mwisho. Jones anakimbilia msituni na bastola yenye risasi 6, ya mwisho ikiwa ya fedha. Usiku kucha anatokewa na mizuka, akiwemo mtu aliyemuua, kisha wafungwa wenzake, kisha mnada wa watumwa, kisha meli iliyowabeba, na mwisho kabisa mganga kutoka Kongo. Mizuka hiyo inammalizia risasi zake. Alfajiri inapofika amezunguka na kurudi pale pale alipoingilia. Raia wake wanamngoja na risasi za fedha, walizotengeneza kwa kuyeyusha sarafu.

Katika hadithi hii Kongo ndiyo kituo cha mwisho cha hofu. Mtu anarudi nyuma katika historia ya babu zake, na mwisho wa safari hakuti baba wala ndugu, anamkuta mganga anayetaka kumtoa kafara kwa mamba. Mwandishi alikuwa na kipaji kikubwa, lakini Kongo yake ilikuwa ya kubuni.

Aliyeigiza Jones kwanza alikuwa Charles Gilpin, mwigizaji mweusi aliyesifiwa sana. Tamthilia ilijaa neno la matusi ambalo wazungu wa Marekani walilitumia kwa weusi. Gilpin alichoka kulitamka, akaanza kulibadilisha. O'Neill alikasirika, na mchezo ulipoandaliwa tena nafasi ikapewa Robeson, aliyeigiza New York mwaka 1924 na London mwaka 1925. Kwa hiyo hata mlango uliomfikisha kwenye umaarufu ulifunguliwa kwa sababu mwenzake alidai heshima akanyimwa.

Filamu ya mwaka 1933

Mwaka 1933 tamthilia ikawa filamu, ikiongozwa na Dudley Murphy na kusambazwa na United Artists, moja ya makampuni makubwa ya Hollywood. Picha zenyewe zilipigwa katika studio za Astoria, New York. Ilikuwa nadra sana wakati ule kuona filamu ya namna hiyo ikibebwa na mwigizaji mweusi, mzungu akiwa mhusika wa pembeni.

Filamu iliongeza mambo ambayo jukwaani yalisimuliwa tu: kanisa la nyumbani, maisha ya mjini, kazi ya treni, gereza. Robeson anaimba, anacheka, anapanda kiti cha enzi, kisha dakika za mwisho anaanguka na kutambaa msituni nguo zimechanika. Anayemtazama leo anaona mtu mwenye nguvu kuliko hadithi aliyopewa.

Lakini wenye kukata filamu walikuwa na hofu zao. Fredi Washington, mwigizaji mweusi mwenye ngozi nyeupe, alipakwa rangi ya kumtia weusi, ili mtazamaji asidhani kwamba Robeson anamkumbatia mwanamke mzungu. Vipande vingine viliondolewa. Na watazamaji weusi wenyewe waligawanyika: wapo waliojivuna kumuona mtu wao akitawala skrini, na wapo waliouliza kwa nini mfalme mweusi lazima awe mwizi na mwoga wa mizimu.

Darasa la Kiswahili

Robeson alikuwa akiishi London wakati huo, na huko ndiko alikokutana na Waafrika wenyewe: wanafunzi, mabaharia, vijana waliokuwa wakiota uhuru wa nchi zao. Katika School of Oriental Studies ya Chuo Kikuu cha London alisoma fonetiki na Kiswahili, akalinganisha lugha za Kibantu. Alikuwa na sikio la ajabu kwa lugha, na katika maisha yake aliimba kwa lugha nyingi. Lakini hapa alitafuta zaidi ya nyimbo. Alitaka kuthibitisha kwamba babu zake walitoka kwa watu wenye lugha zenye mpangilio na fikra, kinyume na picha aliyoigiza jukwaani.

Wakati huohuo akapewa filamu nyingine, Sanders of the River, iliyotengenezwa Uingereza na ndugu wawili, Alexander na Zoltan Korda, ikatoka mwaka 1935. Robeson alikuwa chifu Bosambo. Alivutiwa kwa sababu ngoma na dansi za kweli zilikuwa zimerekodiwa barani Afrika, akaamini kwamba kwa mara ya kwanza dunia ingeona utamaduni wetu kwa heshima. Kati ya Waafrika walioajiriwa kama waigizaji wa ziada alikuwepo kijana Mkenya aliyekuwa akisoma London, Jomo Kenyatta, ambaye miaka 28 baadaye angekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kenya, kisha rais wake wa kwanza.

Filamu ilipokamilika, Robeson aligundua kilichotokea. Baada ya kukatwa na kuunganishwa, ilikuwa imegeuka wimbo wa kumsifu mkoloni Mwingereza. Chifu Bosambo alikuwa mtumishi mwaminifu wa bwana mkubwa. Ngoma za kweli zilibaki kuwa pambo. Robeson aliikana filamu hiyo, na aibu yake haikumtoka.

Alijifunza jambo moja kubwa: uso unaoonekana kwenye skrini si wenye filamu. Mwenye filamu ni yule anayeshika mkasi. Ndiyo sababu alipokubali kucheza Song of Freedom, iliyotoka mwaka 1936, alidai katika mkataba haki ya kuidhinisha filamu baada ya kukatwa. Ilikuwa haki ambayo waigizaji wachache sana walipata, weusi au weupe. Humo anaigiza kibarua wa bandari ya London anayegundua kwamba ukoo wake ni wa kifalme katika kisiwa cha Afrika, naye anarudi huko kusaidia watu wake. Mbele ya Mfalme Jones aliyekuja kunyonya, huyu ni mtu wa namna nyingine kabisa.

Hollywood haikumpa nafasi kama hiyo. Mwaka 1942, baada ya Tales of Manhattan, ambamo weusi walionyeshwa tena kama wakulima wajinga, aliiacha sinema ya Hollywood moja kwa moja, akiwa bado kileleni. Mwaka uliofuata alisimama Broadway kama Othello, katika tanzia ya Shakespeare, mtu mweusi wa kwanza kuigiza nafasi hiyo huko pamoja na waigizaji wazungu. Mchezo ulionyeshwa mara 296.

Wakati huo, Elisabethville

Katika miaka hiyohiyo, mji wetu uliitwa Elisabethville. Mkoloni Mbelgiji naye alikuwa na mkasi wake. Filamu zilizoonyeshwa kwa Waafrika zilipitiwa kwanza, na zile zilizohofiwa kuharibu heshima ya mzungu hazikuruhusiwa. Katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière na kwenye misheni, sinema ilikuwepo, lakini aliyechagua picha hakuwa mtazamaji. Katuba, iliyokua kama mtaa wa Waafrika mbali na nyumba za wazungu, iliishi chini ya sheria za karatasi: mweusi aliyekutwa katika mji wa wazungu usiku bila ruhusa alikamatwa.

Robeson hakuiona Elisabethville, lakini alijua hali za makoloni. Alikuwa mmoja wa waanzilishi na kisha mwenyekiti wa Council on African Affairs, chama cha New York kilichopigania uhuru wa Afrika wakati ambapo Wamarekani wengi hawakuufikiria. Mke wake Eslanda alifika karibu zaidi. Mwaka 1936 alitembelea Afrika Kusini na Uganda pamoja na mtoto wao, na mwaka 1946 alisafiri Afrika ya Kati, ikiwemo Kongo ya Wabelgiji. Paul mwenyewe alifika Misri tu, kwa kazi ya filamu.

Mtu aliyefungiwa ndani ya nchi yake

Baada ya vita ya pili ya dunia, Marekani iliingia katika hofu ya ukomunisti. Robeson aliipenda Urusi ya Wasovieti, ambako alisema alipokelewa kama binadamu kamili. Mwaka 1949, huko Peekskill karibu na New York, watu wenye hasira walivamia tamasha zake kwa mawe na marungu. Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti. Kumbi zilifungwa kwake, redio na televisheni zikamkwepa, na mapato yake yakaanguka.

Sababu iliyotolewa mahakamani ni muhimu kwetu. Wanasheria wa serikali hawakutaja ukomunisti peke yake. Walieleza pia kwamba mtu huyu kwa miaka mingi amekuwa akipigania uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Yaani kuisemea Afrika kulihesabiwa kuwa sababu ya kumzuia raia wa Marekani asisafiri.

Alizuiwa kwa miaka 8. Mwaka 1952 aliimba akiwa kwenye mpaka wa Kanada, watu wakimsikiliza kutoka pande zote mbili. Mwaka 1957 aliimba kwa simu iliyopita chini ya bahari mpaka kwenye ukumbi wa London. Mwaka 1956 aliitwa mbele ya kamati ya bunge, akawajibu wabunge bila kuinamisha kichwa.

Haki inatutaka tuseme pia upande mwingine. Robeson aliona uovu wa ubaguzi kwao na wa ukoloni kwetu, lakini hakuukemea hadharani uovu wa Stalin, hata pale alipokuwa na marafiki walioteswa huko. Mwaka 1952 alipewa zawadi yenye jina la Stalin, akaipokea. Wanaompenda wanasema hakutaka kuwapa silaha maadui wake. Wengine wanasema mtetezi wa wanyonge hapaswi kuchagua wanyonge. Doa hilo halijafutika.

Pasipoti ilirudishwa mwaka 1958, baada ya uamuzi wa mahakama kuu katika kesi ya watu wengine. Desemba ya mwaka huo Eslanda alikuwa Accra, Ghana, kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote. Kati ya wajumbe alikuwepo Mkongomani kijana ambaye nje ya Kongo alikuwa bado hajajulikana sana: Patrice Lumumba. Miaka miwili baadaye, tarehe 17 Januari 1961, Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Kila Januari mji huu unakumbuka.

Robeson naye alikuwa anakaribia mwisho wa nguvu zake. Mwaka 1959 aliigiza Othello kwa mara ya mwisho, huko Stratford, mji wa Shakespeare. Mwezi Machi 1961, akiwa Moscow, alijaribu kujiua. Ikafuata miaka ya hospitali, na matibabu ya umeme kichwani yaliyomdhoofisha sana. Mwisho wa 1963 alirudi Marekani. Eslanda alifariki Desemba 1965. Paul aliishi kimya huko Philadelphia, nyumbani kwa dada yake, hadi tarehe 23 Januari 1976, akiwa na miaka 77. Nchi zile za Afrika alizozipigania zilikuwa karibu zote huru. Hakuzikanyaga.

Nani anasimulia?

Mwaka 1999 Marekani iliiweka The Emperor Jones katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa. Leo inaweza kutazamwa kwenye simu, hata hapa Katuba, umeme ukiwepo. Anayeitazama ataona mambo mawili kwa pamoja: hadithi yenye dharau kwa Afrika, na mtu anayeizidi hadithi hiyo kwa kila neno analotamka.

Lubumbashi pia imewahi kujibu swali la mfalme na raia kwa njia yake. Mwaka 1986 kundi la Mufwankolo lilitengeneza mchezo wa televisheni juu ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Nao ulikuwa na chifu, wakubwa na raia, kama kile kisiwa cha Jones. Tofauti ni kwamba hapakuwa na mwandishi mmoja aliyeandika kila neno toka mbali. Waigizaji walijadiliana, wakajaribu, wakasema maneno yao wenyewe, kwa Kiswahili cha Lubumbashi.

Hicho ndicho Robeson alichokuwa akikitafuta katika darasa la London, daftari mkononi: Afrika inayojisemea yenyewe. Vijana wa Katuba wanaopiga filamu fupi leo kwa simu zao wanayo lugha hiyo tangu tumboni. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba mkasi nao unabaki mikononi mwao.